Nafasi ya Msichana Mmoja

Butoyi alizikwa Simbo siku ya Jumanne, nami nilipata habari Ijumaa, kwa simu ya mtu aliyekuwa akinitafuta kwa jambo jingine kabisa. Alitaka nikazungumze na walimu kwenye semina ya watoto wenye vipaji katika shule za serikali: namna ya kuwatambua, namna ya kuwashika mkono wasipotee. Alipokwisha kunitajia siku na mahali, akaongeza kama mtu anayetafuta neno la kuagia, "Halafu yule mama wa Simbo uliyewahi kuniulizia, Mama Yona, amefariki. Wamezika Jumanne." Nikamshukuru. Nikamwambia semina nitakuja. Nilikata simu nikakaa kwenye kiti cha jikoni mpaka maji niliyokuwa nimebandika yakakauka na sufuria ikaanza kunuka.

Jumapili nilikwenda kuhani. Nilimkuta Yona, mwanawe mkubwa, mtu mzima mwenye mvi kidogo masikioni, amekaa kwenye benchi nje ya nyumba na wanaume wenzake. Alinyanyuka, akaniamkia kwa adabu, kisha akaniuliza, "Samahani mama, sura yako ngeni. Marehemu ulimfahamia wapi?" Nikamjibu kwamba tulisoma pamoja darasa la saba. Akashangaa. Alisema mama yake hakuwahi kuwahadithia habari za shule, hata siku moja. "Ila karatasi ilikuwa haimpiti. Ukimletea dagaa zimefungwa kwenye gazeti, atasoma kwanza gazeti, nyie mkae na njaa." Waliokuwepo wakacheka kile kicheko cha matangani, na mimi nikacheka nao. Nilikula ugali wao wa muhogo na maharage, nikanawa, nikatoa mkono wa pole, nikarudi mjini. Nimefundisha hisabati maisha yangu yote, nikawa mkaguzi wa shule, nikapewa vyeti vya kutundika ukutani. Yona aliniuliza swali moja tu, nami nikamjibu robo yake. Hizi kurasa ni ile robo tatu iliyobaki.

Shule yetu ilikuwa ufukweni, kusini ya Ujiji, mwendo wa saa tatu kwa miguu kwa mtu anayezijua njia za mkato. Ilikuwa na madarasa ya matofali mabichi, bati lililokula kutu kwa upepo wa ziwa, na shamba la mihogo kubwa kuliko uwanja wa mpira, maana ilikuwa miaka ya Elimu ya Kujitegemea na shule isiyokuwa na shamba ilikuwa haina la kusema mbele ya wageni. Mwaka niliofika darasa la saba ndipo alipoletwa Mwalimu Ladislaus. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye kikohozi, na alikuwa na tabia ambayo hatukuwahi kuiona kwa mwalimu yeyote: ukikosea alikuwa hakuchapi, alikuwa anakuuliza umefikaje hapo. Tulimwogopa zaidi kwa sababu hiyo. Mtu anayekuchapa unajua atamaliza saa ngapi.

Wiki ya pili alituandikia ubaoni hesabu kumi kutoka kwenye kitabu, na tulipomaliza akasoma majibu yaliyochapwa kurasa za nyuma ili tusahihishiane. Alipofika ya saba, msichana aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, karibu na mlango, akanyanyua kidole. Alikuwa Butoyi, mtoto wa mvuvi mmoja wa Kiha aliyekaa peke yake na watu wake upande wa pili wa ghuba. Butoyi ni jina la pacha mdogo. Pacha mkubwa alikuwa amekufa wangali wachanga. "Kitabu kimekosea, Mwalimu," alisema. Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka. Alimwita ubaoni, na yule msichana akaitazama ile hesabu kama mtu anayemtazama mtu anayemjua, akaandika mistari mitatu, akaweka chaki chini. Mwalimu alisimama mbele ya ile mistari muda mrefu. Kisha alichukua kalamu yake ya wino, akafuta jibu la kitabuni, akaandika la Butoyi, na akapita dawati kwa dawati akisahihisha vitabu vyote vya darasa kwa mkono wake.

Mimi hadi siku ile ndiye niliyekuwa wa kwanza darasani. Nilikuwa wa kwanza tangu darasa la pili, na nilikuwa nimelizoea jambo hilo kama mtu anavyozoea kitanda chake. Baada ya masomo Mwalimu alituita sisi wawili, akatuambia kuanzia kesho, wenzetu wakishakwenda shamba na kurudi, sisi tubaki saa moja kwenye chumba cha majembe.

Kile chumba bado nakiona. Kilikuwa nyuma ya darasa la tano, hakina dirisha ila tundu la matofali mawili yaliyoachwa makusudi. Majembe yameegemezwa ukutani na udongo wake, kuna mafungu ya vipando vya mihogo, na debe la mawese la shule lililokuwa likinuka mpaka kwenye nguo. Ubao wetu ulikuwa mlango wa kabati lililovunjika, Mwalimu ameupaka unga wa betri zilizokwisha. Tulikaa juu ya magunia, magoti yetu yakigusana. Pale ndipo nilipojua tofauti yangu na Butoyi. Mimi nilikuwa nakimbia: nikipewa hesabu naanza kuandika kabla Mwalimu hajamaliza kuisoma. Yeye alikuwa anakaa kimya, anakuna kigaga cha mbu mguuni, halafu anasema jibu. Nilipokwama alikuwa ananielekeza bila majivuno, kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kiha. Tulipatana. Sitaki mtu asome hapa akadhani nilimchukia. Alikuwa rafiki wa kwanza niliyempata ambaye sikuhitaji kumweleza jambo mara mbili.

Mwalimu Mkuu hakukipenda kile chumba. Siku moja alikuja akasimama mlangoni, mikono nyuma, nasi tumo ndani. Alizungumza kama sisi hatumo.

"Mwalimu Ladislaus, mimi nina watoto arobaini darasa la saba. Wewe unafundisha wawili."

"Nafundisha arobaini, Mkuu. Hawa nawaongezea saa moja, tena ni saa yangu."

"Tunajenga usawa katika nchi hii. Akija mtu wa wilaya akakuta tumewatenga hawa, nitasema nini? Kwamba tunafuga mabwana wadogo?"

"Mkuu, mtoto mwenye mguu mbovu tunamchongea fimbo ya kutembelea, na hakuna anayesema tumembagua. Huyu mwenye mguu wa mbio ndio tumfunge kamba?"

Mwalimu Mkuu aliyatazama majembe, akahesabu kwa macho kama yametimia, akaondoka. Hakuwa mtu mbaya. Nilipokuwa mkaguzi nilikutana na wakuu wa shule wengi wa namna yake, watu waliokuwa wanalinda mlango kwa sababu hawakuwa na hakika nani amewaweka pale. Na maneno yake hayakuwa ya kijinga. Wale thelathini na wanane walikuwa na haki yao, na baadhi yao walikuwa wanatuchungulia kupitia lile tundu.

Baada ya ile saa moja tulikuwa tunakwenda nyumbani kwa Mwalimu, maana mkewe, Mama Konsolata, aligundua kwamba Butoyi huja shule bila kula. Hakusema kwamba anamlisha kwa sababu ana njaa. Alisema anataka wasichana wa kumsaidia kuosha vyombo. Jiko lake lilikuwa kibanda cha nyasi, moshi umepaka dari rangi nyeusi inayong'aa. Alikuwa anatupikia migebuka iliyokaushwa, ameiunga kwa mawese na nyanya chungu, na ugali wa muhogo mweupe uliovutika. Butoyi alikula taratibu, akiufinya ugali vidogo vidogo, na kila mara alibakiza kipande cha samaki akakifunga kwenye jani la mgomba apelekee mdogo wake, Leya, aliyekuwa hajatimiza miaka mitatu. Mama Konsolata aliona. Siku iliyofuata alimwongezea kipande.

Ilikuwa pale jikoni, jioni moja Butoyi ameshaondoka kuwahi mtumbwi wa baba yake, nilipowasikia mke na mume wakizungumza upande wa pili wa ukuta wa nyasi. Nilikuwa nimeinama nasugua chungu kwa majivu.

"Sekondari watachukua wangapi mwaka huu?" Mama Konsolata aliuliza.

"Wa kike? Mmoja, tukipata bahati. Miaka miwili iliyopita hawakuchukua hata mmoja. Wawili kutoka shule moja ya huku, hilo halijapata kutokea."

"Na huyo mmoja ni nani?"

Mwalimu alikohoa kwanza. "Zaina ana bidii. Hata asipofundishwa atajifundisha. Lakini Butoyi... mke wangu, mimi mwenyewe namwogopa. Nikikaa na yule mtoto naona nimefika mwisho wa ninachokijua. Kama ni mmoja, ni Butoyi."

Zaina ni mimi. Niliendelea kusugua chungu kile mpaka Mama Konsolata alipokuja akasema, "We mtoto, utakitoboa."

Mwezi uliofuata uhamisho wa kwenda vijiji vya ujamaa ulitufikia kweli kweli, maana tulikuwa tumeusikia kwa muda kwenye mikutano lakini haujatugusa. Watu waliokaa mmoja mmoja kando ya ziwa na mabondeni waliambiwa wahamie pamoja, wapate shule, zahanati na maji ya bomba. Walipewa siku, na siku ilipopita yakaja malori na mgambo. Kwa kina Butoyi lori lilifika asubuhi. Aliniambia baadaye kwamba baba yake aliomba apewe siku mbili akaanue nyavu, na mgambo mmoja, kijana tu, akapanda juu ya paa akaanza kung'oa nyasi huku mama yake bado yumo ndani anafunga vyombo. Walipelekwa kijiji kipya upande wa Simbo, mvuvi na watu wake, mahali ambapo hata ukipanda juu ya kichuguu huoni ziwa. Nyumba hazikuwepo. Kulikuwa na vigingi vilivyopangwa mstari na namba juu yake. Maji ya bomba yalikuwa bado yamo kwenye hotuba.

Leya alikufa kwa kuharisha wiki ya tatu. Butoyi alikuja shule siku moja tu baada ya hapo, ametembea tangu alfajiri. Alikaa kwenye gunia katika chumba cha majembe, nywele zimenyolewa za msiba, Mwalimu akampa pole, akamwambia leo tusisome. "Tusome, Mwalimu," alisema. "Nimekuja kusoma." Tukasoma. Alikosea hesabu mbili, jambo ambalo sikuwahi kuliona, na mara zote mbili alijisahihisha kabla Mwalimu hajafungua mdomo. Alipokuwa anaondoka akasema baba yake amemkataza kuja tena, kuna nyumba ya kujenga na mama yake hanyanyuki kitandani, lakini amekubali aje kufanya mtihani. "Jumatano ya mtihani nitakuwa hapa shuleni kabla ya jua." Mwalimu akamwambia, "Njoo na penseli mbili." Akatoa zake mfukoni akampa.

Jumatatu ya wiki ya mtihani, Mwalimu Mkuu alirudi kutoka mjini na habari kwamba shule yetu imechukuliwa. Madarasa yangelaza watu waliotolewa vijiji vya kusini, wanaosubiri malori, na sisi wa darasa la saba tungefanyia mtihani Ujiji. Lori lingetuchukua Jumanne mchana, tulale huko. Mwalimu Ladislaus alitakiwa aende Ujiji saa ile ile na orodha ya majina. Aliniita nyumbani kwake, akaandika barua ya mistari minne, akaikunja.

"Zaina, hii mpelekee Butoyi. Unaijua njia ya Simbo?"

"Naijua, Mwalimu."

"Mwambie kwa mdomo pia. Mtihani si hapa, ni Ujiji. Aje kesho kabla ya mchana. Sina mtu mwingine wa kumtuma. Wewe ndiye unayejua maana yake."

Mama Konsolata alinifungia viazi vitamu vinne vya kuchemsha kwenye jani. Viwili vyangu, viwili vya mwenzangu.

Nilitembea vizuri zaidi ya saa moja. Nakumbuka nilikuwa naimba. Njia ilipanda, ikashuka kwenye bonde lenye kijito, na hapo mvua ikaanza. Kwa miaka mingi nilipojisimulia jambo hili nilikuwa nasema kwamba mvua ilikuwa kubwa na kijito kimefurika. Mvua ilikuwa manyunyu. Maji yalinifika kifundoni. Nilikwisha kuingiza mguu mmoja. Kisha nikautoa, nikakaa kwenye jiwe. Sikuwa nimepanga kitu. Nilijiambia nipumzike. Nilikula viazi vyangu viwili. Nikasikia sauti ya Mwalimu upande wa pili wa ukuta wa nyasi, "Kama ni mmoja," na nikafungua jani nikala na viazi viwili vya Butoyi, bila njaa, navimeza kama dawa. Nilipomaliza nikajua kwamba siendi. Barua niliiweka majini. Haikuchukuliwa mbali, ilinasa kwenye mzizi ikakaa pale inalowa, na mimi nilisimama nikaitazama mpaka maandishi yakawa bluu tupu.

Mwalimu alirudi jioni. "Umempata?"

"Nimempata."

"Amesemaje?"

"Amesema atakuja."

Kesho yake lori likaja na Butoyi hayupo. Mwalimu alisimama njiani mkono umekinga jua, dereva anapiga honi, Mwalimu Mkuu anasema hawezi kuwachelewesha watoto wote kwa ajili ya mmoja. Nikamwendea nikamwambia kwamba nilisahau kumwambia neno moja: baba yake Butoyi alisema atamleta Ujiji mwenyewe, moja kwa moja kutoka Simbo. Uso wake ulifunguka. Alinishika bega. "Ahsante, Zaina. Umenirudishia roho, mwanangu." Uongo wa kwanza ulinitoka kwa hofu. Wa pili niliutunga, na ulinitoka laini.

Tulifanyia mtihani katika shule moja ya Ujiji yenye sakafu ya saruji na madirisha makubwa. Wasimamizi walikuwa wageni, walimu wetu waliambiwa wakae nje ya uzio. Karatasi ya kwanza ilikuwa hisabati. Dawati la mbele yangu lilikuwa na namba ya Butoyi, na halikuwa na mtu. Nilifanya hesabu zile vizuri kuliko nilivyowahi kufanya hesabu maishani. Nilikuwa ninaandika swali la mwisho, msimamizi ameshasema dakika tano, nilipomwona dirishani anakuja anakimbia, si mbio za mtoto, zile mbio za mtu aliyekwishachoka ambaye miguu inakwenda kwa mazoea. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa amefika shule yetu kabla ya jua, kama alivyoahidi. Alifungua mlango wa darasa akakuta familia zimelala chini kati ya madawati, watoto na kuku na vyungu. Mwanamke mmoja ndiye aliyemwambia kwamba wanafunzi wamepelekwa Ujiji jana.

Alisimama mlangoni, kifua kinapanda na kushuka, penseli mbili mkononi. Msimamizi akamwambia angoje nje. Akakusanya karatasi, akazihesabu, akazifunga kwa kamba. Kisha akatoka akazungumza naye, akamwuliza namba, na akamruhusu afanye karatasi mbili zilizobaki. Hisabati imekwisha, alisema, hana uwezo nayo. Hakuwa na ukali.

Wakati wa mapumziko Mwalimu Ladislaus aliingia ingawa alikatazwa. Alitukuta ukutani, mimi na Butoyi, hatujaambiana hata neno. Miguu ya Butoyi ilikuwa na damu kwenye vidole.

"Umefanya nini?" Mwalimu alimwuliza. Sauti haikuwa yake. "Butoyi, umefanya nini? Si nilimtuma mwenzako? Hukupata habari?"

Butoyi aligeuza uso akanitazama. Nimetazamwa na watu wengi maishani, na wengine walikuwa na haki ya kunitazama vibaya. Hakunitazama vibaya. Alinitazama kama alivyokuwa anatazama ubao, kimya, mpaka akaona mwisho wake. Halafu akamgeukia Mwalimu.

"Nilipata, Mwalimu. Tulichelewa kuondoka. Nisamehe."

Mwalimu alitupa kisogo. Alisimama ameegemea ukuta kwa kiganja, akakohoa, na sikujua kama ni kikohozi tu. Kengele ikalia. Butoyi aliingia akakaa mbele yangu, na kwa karatasi mbili zile nilikuwa namwona mgongo, kichwa kilichonyolewa, na mkono unaokwenda bila kusita. Alimaliza kabla ya watu wote. Aliweka penseli chini, akakaa mikono imeshikana mpaka muda ukaisha.

Wiki chache baadaye Mwalimu alikwenda Simbo kumwona baba yake Butoyi. Sijui walizungumza nini. Najua tu kwamba aliporudi hakunitazama usoni tena. Alinijibu salamu, alinisahihishia madaftari, alinijazia fomu zilipohitajika. Mama Konsolata alisema vyombo sasa anaviosha mwenyewe. Chumba cha majembe kilirudi kuwa cha majembe. Majina yalipotoka, msichana mmoja alikuwa amechaguliwa kutoka shule yetu, na Mwalimu aliniletea ile barua mpaka mlangoni kwetu, akanikabidhi kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu anavyomkabidhi mgeni. Sikumwona tena. Mwaka uliofuata alihamishiwa mkoa wa mbali, na kikohozi kile kilimmaliza huko, niliambiwa, kabla mimi sijafika kidato cha nne.

Kama angenipiga, au angekwenda kwa Mwalimu Mkuu akasema, nisingekuwa na maisha haya niliyonayo. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini alinyamaza. Nafikiri alikuwa mwalimu, na mwanafunzi mmoja aliyebaki mkononi mwake ni mimi.

Niliondoka Kigoma kwa treni, na sanduku la bati na godoro la sufi lililofungwa kwa kamba. Stesheni ilikuwa imejaa watu, vikapu vya dagaa na madebe ya mawese, wanawake wanaitana kwa Kiha na Kimanyema. Watu wetu walikuwa wanahangaika na mizigo, nami nimesimama karibu na behewa, nilipomwona Butoyi anakuja kati ya watu. Alikuwa peke yake. Alikuwa amekonda, mikono imechubuka kwa jembe.

"Nimesikia unasafiri leo," alisema.

Nilikuwa nimetunga maneno mengi kwa ajili yake, miezi yote ile. Yote yalinipotea. Nikamwuliza tu, "Kwa nini hukumwambia?"

"Ningemwambia, angefanya nini?"

"Angenishitaki."

"Ego," aliitikia kwa Kiha, ndiyo. "Angekwenda kwa yule msimamizi, wangekutoa. Na mimi hisabati ilikuwa imekwisha kunipita. Nafasi ilikuwa moja. Ukitoka wewe inakwenda shule nyingine, tunabaki wawili." Alisema taratibu, kama alivyokuwa akinieleza hesabu juu ya magunia. "Haikuwa ngumu."

"Kwa hiyo umenisamehe?"

Alishangaa kidogo. "Sikusema nimekusamehe. Nimesema nilihesabu."

Honi ya treni ililia. Watu wakaanza kusukumana, shangazi yangu akaniita kwa sauti kwamba nipande, nitaachwa. Nilimshika Butoyi mkono, nao haukunishika. Nikamwambia nikifika tu nitamwandikia, nitamwandikia kila wiki, nitamnakilia kila kitu tutakachofundishwa, kila hesabu, ili tusome pamoja kama zamani. Nilikuwa nalia, na nilikuwa naamini ninachosema.

"Usiniandikie," alisema.

Akageuka akaondoka, akipita kati ya vikapu bila kumgusa mtu. Nilipanda treni. Sikumwandikia mwaka ule, wala uliofuata, wala miaka yote iliyokuja baadaye, nikijua kijiji, nikijua njia, nikijua hata namba ya nyumba yao. Katika maisha yangu nimepewa amri nyingi na wakubwa wengi, na sijapata kupewa iliyokuwa nyepesi kuitii kama ile.